Pua ya Shemeji

Mtaani kwetu ukisikia mtu anasema "hebu kamwiteni Pua," hakuna anayeuliza Pua yupi. Ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu, na hata karani aliyemwandikia kitambulisho hicho, wakikutana sokoni, humwita Pua.

Kazi yake ni kuchimba. Si visima wala makaburi, ingawa makaburi ameshaombwa akakataa kwa heshima zote. Yeye huchimba mashimo ya kupima ardhi. Mtu akitaka kujenga ghorofa au ghala, kabla hajamwaga zege, huja kwanza watu wa kampuni ya shemeji. Wanachimba hapa na pale, wanachukua udongo, wanautia kwenye chupa na mifuko, na kuupeleka maabara ukaangaliwe kama utabeba jengo na kama hauna sumu. Maana unaweza kununua kiwanja kina nyasi nzuri za kuvutia, kumbe zamani palikuwa gereji, au karakana ya betri, au jalala, na yote yaliyomwagwa enzi hizo bado yamo humo chini yanakusubiri.

Shemeji aliianza kazi hiyo ujanani, wakati vifaa vilikuwa sururu, koleo na pua. Udongo ukitoka, aliuchota kiganjani, akaufinyanga kidogo, akausogeza puani na kuvuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Halafu alitoa hukumu. "Hapa ilimwagwa dizeli." "Hapa pana choo cha zamani." "Hapa safi, jengeni." Mara nyingi maabara ilikuja kusema hivyo hivyo. Zile mara ambazo haikusema hivyo, shemeji alisema maabara imekosea.

Sifa hizo zikamfuata mpaka nyumbani. Dada hakumimina maziwa kwenye chai kabla shemeji hajayanusa. Majirani walimletea samaki awaambie ni wa leo au wa juzi. Mwenye duka alimwita anuse gunia la unga alilolishuku kuwa limekaa karibu na mafuta ya taa. Mtungi wa gesi ukihisiwa unavuja hawakumtafuta fundi, walimtafuta Pua, naye alikuja na taulo begani, akaingia jikoni kwa mwendo wa daktari bingwa anayepita wodini, watu wote kimya. Mama yetu, yaani mkwewe, ambaye kumsifia mtu kwake ni kazi ngumu kama kung'oa jino, alizoea kusema, "Huyu mkwe wangu hana kitu kingine, lakini pua anayo." Shemeji aliyasikia maneno hayo akavimba kichwa, kana kwamba nusu ya kwanza haikusemwa.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko kwenye kibaraza cha nyumba yao. Kwa hiyo haya ninayosimulia, mengine nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeelezwa na wenyewe waliokuwapo, kila mmoja akivutia upande wake.

Siku moja kampuni ikapata kazi kwenye uwanja uliokuwa kiwanda cha ngozi. Kiwanda kilikufa zamani. Mabati yalishauzwa, kuta zilishaanguka, na majani yalikuwa yameota mpaka kiunoni. Tajiri mmoja alikuwa amekinunua kiwanja hicho ajenge nyumba za kupangisha. Sasa viwanda vya ngozi hutumia dawa kali za kunyonyoa manyoya na kulainisha ngozi, na zamani maji machafu yalimwagwa tu kwenye mashimo huko nyuma, yakafukiwa, watu wakaenda zao. Kwa sababu hiyo kampuni ilileta mtu wa usalama. Shemeji alitegemea kumwona mwanamume wa makamo mwenye kitambi na filimbi. Akaja binti mwembamba, mdogo kuliko mtoto wake wa kwanza, ametundika kofia ngumu kichwani ikamkaa kama alizaliwa nayo. Jua halijapanda, wafanyakazi walikuwa wameshampa jina: Binti Kanuni.

Binti Kanuni alikuwa na adabu, na hapo ndipo shemeji alipopata taabu. Angekuwa mjeuri, angejibiwa kijeuri mambo yakaisha. Lakini kila alipokuja kumkataza jambo, alianza kwa kumwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba uvae barakoa, mzee."

Anavaa. Baada ya muda mfupi, yule yule tena.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Si ulishaniamkia?"

"Nilikuamkia, mzee. Naomba huo mkate uutoe huku. Huku hakuliwi."

Alikuwa ameugawa uwanja kwa utepe. Huku upande mchafu, kule upande safi, na katikati pamewekwa beseni, brashi ya kusugulia buti, sabuni, na pipa la kutupia glavu. Upande mchafu hakuna kula, hakuna kunywa, hakuna sigara, hakuna hata kuchokonoa meno. Ovaroli na buti za kazini zinalala kazini. Kanuni hii shemeji aliiona kuwa ni matusi, maana tangu aoe alikuwa akirudi nyumbani na buti zake na udongo wake. Alipomsimulia dada akitegemea kuonewa huruma, dada aliweka chini sufuria aliyoishika, akauliza, "Huyo binti ni wa nani? Mungu amweke."

Zilikuwapo kanuni nyingine. Hakuna anayeingia ndani ya shimo. Udongo unachukuliwa kutoka kwenye ndoo ya katapila ikiwa imeshawekwa chini. Watu wanasimama upande upepo unakotoka, si unakokwenda, na ili upepo ujulikane, alitaka kitambaa chepesi cha kufunga kwenye mti. Shemeji alikuja kuniomba mimi.

"Shemeji, nipe kipande chekundu hapo. Binti anataka kuona upepo. Mimi nilimwambia alambe kidole akiinue juu, akaniambia huku vidole havilambwi."

Anayekaribia ukingo wa shimo anafungwa mkanda wenye kamba ndefu. Hapo pia shemeji alijaribu.

"Mwanangu, mimi si mbuzi."

"Ndiyo, mzee. Mbuzi angekuwa ameshaitafuna kamba. Naomba unyanyue mikono nikufunge."

Na kila mtu alipachikwa kwenye ukosi kifaa cha kupima gesi, kidogo kama kiberiti. Kikikutana na hewa mbaya kinalia. Kikilia, unaacha kila kitu ulichoshika, unaondoka kuelekea unakotoka upepo, huulizi swali. Mwisho wa maelezo yote, Binti Kanuni akasema udongo hautanuswa. Na mtu yeyote, akaongeza, huku akitazama mbali kwa heshima ili isionekane anamlenga mtu.

Shemeji akanyoosha mkono mbele ya kikao kizima. "Na mimi ambaye kazi yangu ni pua, nifanyeje?"

"Pua ni ya kupumulia, mzee. Kunusa tumeachia kifaa."

Watu walivunjika mbavu. Siku ile alirudi nyumbani amenuna, akala kimya, akanawa kimya, kisha akatuuliza mimi na dada, "Ya kupumulia! Ana umri gani yule?"

"Umri sijui," dada akasema, "lakini akili anayo."

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi nzuri, upepo mdogo, kitambaa changu chekundu kinachezacheza kwenye mti wake. Walikuwa wanachimba nyuma kabisa ya uwanja. Dereva wa katapila ni mtu asiyependa maneno, salamu yako anaijibu kwa kidevu. Akateremsha ndoo, akapandisha udongo wa kawaida. Akateremsha tena, ukaja wa kijivu. Mara ya tatu ukaja mweusi, wa utelezi, na ndani yake mna manyoya. Dereva akazima mashine bila kuambiwa.

Papo hapo ikaja harufu ya mayai viza. Vifaa vya kwenye kosi vikaanza kulia vyote kwa pamoja, kama vifaranga vilivyokosa mama.

"Wote nyuma!" Binti Kanuni akapaza sauti. "Upande wa upepo! Acheni vyombo!"

Watu wakatimua mbio. Shemeji alirudi hatua chache za kuridhisha watu, akasimama. Mwenyewe anasema harufu ile aliipata vizuri sana, na hata ilimfurahisha kidogo, maana alikuwa amekatazwa kunusa na sasa harufu ilikuwa imemfuata yenyewe. Alikuwa anajiandaa kutoa hukumu. Mara harufu ikakatika. Kwisha, kama taa iliyozimwa.

"Imeisha!" akapiga kelele, akawageukia wenzake mikono juu kama mchezaji aliyefunga bao. "Imepeperuka! Nawaambia hivi vidude vyenu vinalia bure!"

Ili kumaliza ubishi, akavuta barakoa mpaka kidevuni, akarudi shimoni, mkanda na kamba yake ndefu bado kiunoni, akalala kifudifudi kwenye ukingo, akaingiza kichwa.

Alichokuwa hakijui alikuja kuelezwa baadaye hospitali. Gesi ile ina uovu wake. Ikiwa kidogo inanuka, mtu anakimbia. Ikiwa nyingi inaiua pua kwanza, ili mwenye pua asipate habari. Harufu haikuwa imeisha. Kilichoisha ni pua.

"Mzee, toka hapo!"

Hata shikamoo hakumpa. Shemeji anasema hilo ndilo lililomshtua. Alitaka kuinua kichwa amkumbushe adabu, akakuta kichwa kimekuwa kizito kama mfuko wa saruji uliolowa, na miguu haina habari naye. Anachokumbuka kinaishia hapo.

Jamaa mmoja alitaka kukimbia akamnyanyue. Binti Kanuni akamzuia kwa mkono kifuani. "Hakuna anayekwenda! Ukienda wewe tunavuta wawili. Kamba! Shikeni kamba!"

Wakaishika yeye, dereva wa katapila na wote waliokuwapo, wakavuta. Shemeji akaja kinyumenyume kwa tumbo, akapita kwenye kokoto, akapita kwenye miiba, akapita kwenye kidimbwi ambacho wangeweza kukikwepa kama wangekuwa na nafasi ya kufikiri. Dereva, aliponisimulia, alitumia maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema tangu nimjue. "Alikuja kama gunia la mkaa," akasema. "Buti moja likabaki kule." Akafikiri. "Binti alivuta kutushinda sote."

Wakamlaza ubavu pale penye hewa safi. Akakohoa, akatapika, akafumbua macho. Binti Kanuni alikuwa amepiga magoti juu yake, kofia imemwangukia kisogoni.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba," shemeji akajibu kwa sauti ya mtu aliye kisimani. "Sikuzimia. Nilipumzika kidogo."

Hospitali walimtia hewa ya oksijeni na wakataka alale wamtazame. Kabla kampuni haijampigia dada simu, shemeji aliwahi kumpigia mwenyewe. Akamwambia vumbi limemwingia kifuani, daktari anataka kumsikiliza tu, asihangaike. Dada alihangaika. Alichemsha supu, akaitia kwenye chupa ya chai, akanichukua na mimi, tukaenda. Pale kitandani aliifungua chupa, mvuke ukapanda, na mgonjwa wa kitanda cha pili akageuza shingo. Shemeji alikuwa anatazama dirisha.

"Huisikii hata supu?" dada akauliza.

"Nimeisikia zamani," akasema. "Tangu mnapanda ngazi."

Lakini nilimwona jinsi alivyoinama kwenye chupa, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akavuta tena, kisha akameza mate kama mtu aliyeambulia patupu. Tulipotoka alimbana daktari. Daktari akamweleza kuwa pua inaweza kurudi baada ya wiki, au miezi, na pengine isirudi yote. Shemeji akamwomba chondechonde, mke wake asijue.

"Siri ya mgonjwa tunaitunza," daktari akasema. "Lakini mzee, mbona pua si siri kubwa?"

"Kwangu ni kubwa."

Ndipo tukaanza kuishi na Pua asiye na pua, na sisi hatujui.

Mwanzoni alijikaza. Samaki aliwaweza, maana aliwatazama macho na mashavu, akabonyeza nyama kwa kidole, kisha akajifanya ananusa. Unga aliulamba kidogo kwa kisingizio kwamba siku hizi anaanza na ulimi. Maziwa yalimwumbua. Dada alimletea jagi, akanusa, akafumba macho, akasema, "Mazima." Dada akamimina kwenye chai, chai ikakatika mabonge mabonge mbele ya wageni.

"Si ulisema mazima?"

"Nilimaanisha kwa mtindi ni mazima."

Dada akamtazama, hakusema kitu. Mimi namjua dada yangu. Akinyamaza namna ile, jiandae.

Kisha akaja mama. Mama yetu ana dawa yake ya kuchua magoti, mafuta fulani meusi anayopewa na rafiki yake, na sijapata kukutana na kitu kinachonuka kama mafuta yale. Akifungua chupa, kuku wanahama uani. Sisi watoto wake tulikuwa na desturi ya kukumbuka shughuli za nje mara tu tunaposikia kizibo kinagongwa, na shemeji alikuwa akituongoza. Safari hii mama akajichua magoti yote mawili, kisha na kiwiko, na shemeji yuko pale pale kwenye kochi, bega kwa bega naye, anamuuliza habari za mashamba, anacheka, anamwongezea chai. Mimi nilikuwa kibarazani na bado machozi yalinitoka. Dada alikuwa anachungulia kutoka jikoni, kanga imemziba uso mpaka macho.

Mama alifurahi kupita kiasi. "Nimezaa watoto, nimewasomesha, nikigusa dawa yangu wanakimbia kama nimewafukuza kwa fimbo. Lakini mkwe wangu huyu amekaa nami mchana kutwa. Huyu ndiye mwanangu."

"Aa, mama, kawaida tu," shemeji akajibu, na mimi niliona amelipokea lile neno kwa moyo wote, bila kujiuliza limetoka wapi.

Mama alipoondoka tu, dada akachukua chupa tupu ya manukato, akaisuuza kwa sabuni, akaijaza maji ya bomba. Akanipitia kibarazani akiwa nayo mkononi, akaniambia, "Wewe shona. Usitoe sauti." Akaingia sebuleni.

"Baba watoto, nimenunua manukato mapya. Hebu ninuse hapa."

Nikaacha kukanyaga cherehani. Kupitia dirishani nilimwona shemeji ameushika mkono wa mkewe kwa taratibu zote za kibingwa. Macho yakafumba. Mabega yakapanda.

"Mmh," akasema. "Maua. Maua ya asubuhi. Halafu kwa mbali, sijui ni limau? Ni limau. Yamekupendeza sana, mke wangu."

"Ni maji ya bomba."

Shemeji hakuuachia mkono.

"Siku hizi," akaanza polepole, "maji ya bomba wanatia dawa..."

Hakumaliza. Dada aliangua kicheko, akacheka mpaka miguu ikamwishia, akakaa sakafuni, chupa ikabingirika chini ya kochi. Na mimi nikaachia changu kibarazani. Shemeji mwenyewe, baada ya kujaribu kununa ikamshinda, akacheka kidogo kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha, pengine kwa sababu mkewe alikuwa anacheka na ilionekana ni wakati mzuri, akaamua kumwambia yote. Shimo, harufu, vifaa kulia, wenzake kukimbia, yeye kurudi, kulala kifudifudi, kamba.

Kicheko kilikatika alipofika kwenye kurudi.

"Rudia hapo," dada akasema. Alikuwa bado amekaa sakafuni. "Wenzako wanakimbia, wewe unarudi?"

"Harufu ilikuwa imeisha. Nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani pua inajua."

"Pua! Kwani mimi niliolewa na pua?" Sauti ilipanda ikapasuka. "Ungekufa pale kwa ajili ya ubishi na mtoto wa watu, mimi ningeambiwa nini? Kwamba alikuwa ananusa? Na wewe ukaja hapa ukaniambia vumbi! Ukanywa supu yangu ukaniambia vumbi!"

Shemeji alishuka kwenye kochi akakaa naye chini, mbali kidogo, kama mtu anayekaa karibu na jiko bila kujua kama limepoa. Mimi nilikusanya vitambaa vyangu nikafunga kazi mapema. Mambo mengine si ya kusikiliza, hata kama dirisha liko wazi.

Kesho yake dada alivaa gauni lake la harusini, yaani lile la kuendea harusi za watu, akaniambia nimsindikize. Shemeji alikuwa bado na ruhusa ya daktari, akaachwa nyumbani kuchagua mchele. Tukaenda mpaka uwanja wa kiwanda. Dada alikuwa amejaa maneno njia nzima. Machozi yalishafika kwenye kope, amejiandaa kumkumbatia yule binti mbele ya watu wote. Tulipofika kwenye utepe tukamwona anakuja kutoka upande wa pili, ovaroli imejaa tope, mkono umenyooka mbele.

"Shikamoo, mama. Naomba usivuke hapo."

"Marahaba, mwanangu. Sivuki. Mimi ni mke wa... wa huyu wenu wa kunusa. Nimekuja kukuona wewe."

Uso wa binti ukabadilika. "Mama, nisubiri kidogo. Nitoke kwanza."

Tukasubiri. Akasugua buti, kushoto, kulia, nyayo, visigino. Akavua glavu kwa kuzigeuza nje ndani, akazitupa kwenye pipa. Akavua ovaroli, akaikunja upande mchafu ukiwa ndani, akaiweka mahali pake. Akanawa mikono mpaka viwikoni, akaikausha. Akavua barakoa. Akanawa uso. Akanawa mikono tena. Dada alisimama mikono imekunjuliwa, kisha ikachoka akaishusha, kisha akaegemea mti. Machozi aliyokuja nayo yalikauka. Mpaka binti anavuka utepe, safi anang'aa, dada alikuwa anapiga miayo.

"Haya," dada akasema, "umemaliza?"

Wakakumbatiana. Na pale, bila matayarisho yoyote, wote wawili wakalia.

"Nilisahau hata kumwamkia, mama," binti akasema. "Nilimpigia kelele mtu mzima kama namfukuza mbuzi. Nimejilaumu sana."

"Mpigie tena," dada akasema. "Na kamba mfupishie."

Majibu ya maabara yalikuja yakasema kule nyuma pamejaa uchafu wa kiwanda, na uchafu huo umeshuka chini kuliko ilivyodhaniwa. Tajiri alikunja uso, lakini eneo lilizungushiwa uzio, malori yenye maturubai yakaja kuusomba udongo, na hadi leo hapo nyuma hapajajengwa kitu. Mama yetu, tulipomweleza habari za pua, aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo siku ile alikuwa hasikii kitu?" Tulipomjibu ndiyo, alikasirika, akakaa muda bila kuja. Kisha akaja, akachua magoti, akamwita mkwewe akae karibu. Shemeji akakaa. Mama akasema hata hivyo amemzoea.

Kazini shemeji alirudi akiwa mtu mwingine, na sisemi kwamba alipendeza. Alikuwa msumbufu. Kila asubuhi alikishika kifaa chake, akakijaribu, akakitazama taa yake, akakipachika, kisha akapita kukagua cha kila mwenzake, na aliyevaa barakoa chini ya pua alimsimamisha na kumsimulia habari yake yote, pamoja na limau. Dereva wa katapila akajifunza kumwona kwa mbali na kuivaa barakoa yake vizuri, apone kusimuliwa. Binti Kanuni ndiye aliyemvumilia. Hata yeye, lakini, siku moja alimwambia kwa upole kwamba kikao cha asubuhi ni cha dakika chache, mzee, naomba tuwaachie wengine nao waseme.

Pua ilikaa kimya muda mrefu. Halafu asubuhi moja anakwenda kazini, amekata kona kwenye kichochoro cha nyuma ya maduka, akasimama ghafla. Kuna dirisha la jiko lilikuwa wazi, na ndani mle kulikuwa na kitunguu kinakaangwa. Alikisikia. Kwa mbali, kama redio ya jirani, lakini alikisikia. Akasogea. Akashika nondo za dirisha la watu kwa mikono miwili, akafumba macho, mabega yakapanda.

"Wewe! Unatafuta nani?" Mwanamke alikuwa mbele yake, mwiko mkononi.

"Samahani, dada. Nanusa kitunguu."

"Unanusa nini?"

"Kitunguu chako. Endelea tu, usikitoe."

Mwanamke akaita mumewe kwa sauti ya kuita mtaa mzima. Mume akatoka na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, tayari kwa vita. Akamkuta mtu mzima mwenye mvi, begi la kazini begani, ameng'ang'ania dirisha lake huku machozi yanamtiririka mashavuni.

"Mzee, una nini?"

Shemeji akajaribu kueleza: kiwanda cha ngozi, gesi, maji ya bomba, mkwe. Yule bwana hakuelewa hata nusu, lakini akashusha kiatu. Mkewe alikuwa amesogea nyuma ya sufuria, anasikiliza, mwiko umesimama.

"Hivi," mwanamke akasema mwishowe, "sasa hivi unasikia nini?"

Shemeji akavuta pumzi. "Kitunguu," akasema. "Na sasa kinaungua, dada."

Mwanamke akageuka, akaipua sufuria mbio. Yule bwana akaegemea ukuta, akavaa kiatu chake cha pili, akamuuliza shemeji kama ameshakunywa chai.